Namna ya Kuisoma A Wizard of Earthsea Ukaifurahia

Riwaya za fantasia kwa vijana, zile za kijana anayejifunza sihiri na kuanguka mara kwa mara kabla hajasimama, zimekuwa nyingi mno siku hizi, hata msomaji mgeni hajui aanzie wapi. Ushauri wangu ni aanzie kwa Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyeishi kuanzia mwaka 1929 hadi 2018, na riwaya yake A Wizard of Earthsea iliyotoka mwaka 1968. Ni kitabu kifupi chenye sura 10 tu, na Kiingereza chake, ingawa kina ladha ya kale, hakina maneno ya kujionyesha. Hata hivyo nimewaazima vijana kadhaa nakala yangu, na zaidi ya mmoja ameirudisha kabla ya kufika katikati, akilalamika kwamba vita ni vichache, mazungumzo ni haba, na mhusika mkuu ana kiburi kisichovumilika. Malalamiko yote matatu ni ya kweli. Tatizo ni kwamba walikisoma kitabu kwa kasi ya boti ya injini, ilhali chenyewe kimeundwa kwa mwendo wa tanga, na anayekikimbiza huishia kujua yaliyotokea bila kuonja chochote.

Weka kando neno mchawi

Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, amua utamwita nani kijana huyu katika kichwa chako. Kwetu mchawi ni mtu wa usiku, hasidi anayeroga majirani, na mganga ni wa kutibu, kupiga ramli na kuandika makombe. Hakuna kati ya maneno hayo mawili linalomkaa sawasawa Ged, mhusika mkuu wa riwaya. Katika visiwa vya Earthsea mtu wa namna yake husoma kwa miaka, hukabidhiwa fimbo ya kazi yake, kisha hupelekwa kijijini ambako watu humtaka aimarishe mashua zisivuje, atulize upepo na kuganga wagonjwa. Ni mtu wa elimu na ufundi, karibu zaidi na nahodha au tabibu kuliko mlozi. Mimi humwita mjuzi, na tangu nianze kumwita hivyo nimesoma kwa utulivu zaidi, kwa sababu neno mchawi lilikuwa linanifanya nimsubiri atende uovu kila anapofungua kinywa. Mzazi anayesita kumpa mwanawe kitabu chenye sihiri ndani yake na asome mwenyewe sura mbili za mwanzo. Ataona kwamba mzigo mkubwa wa riwaya hii ni kuonya juu ya uwezo unaotumiwa kwa ajili ya kujitapa.

Jambo la pili la kuweka kando ni mazoea ya kutafuta fumbo. Msomaji aliyelelewa na Kusadikika ya Shaaban Robert amezoea kwamba nchi ya kubuni ni kioo cha nchi halisi, na kwamba kila waziri anayesimama barazani anamwakilisha mtu fulani tunayemjua. Earthsea haisomwi hivyo. Joka ni joka, upepo ni upepo, na ukianza kuuliza kisiwa cha Gont ni nchi gani duniani utakuwa umeondoka kwenye hadithi bila kujua.

Tafuta nakala yenye ramani

Hili nalisisitiza kwa sababu nililipia kutolijua. Nakala yangu ya kwanza niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba wa barabarani, na kurasa za mbele zilikuwa zimekwisha kunyofoka, kwa hiyo nilisafiri na Ged kutoka kisiwa hadi kisiwa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Le Guin alichora ramani ya visiwa hivyo mwenyewe, na safari zote zinaifuata kwa uaminifu. Gont, alikozaliwa Ged, ni mlima mmoja uliosimama baharini upande wa kaskazini mashariki. Roke, penye shule ya wajuzi, iko kati. Pendor ya majoka iko magharibi. Osskil, yenye baridi na watu wakimya, iko kaskazini. Na Iffish iko mbali mashariki, karibu na mahali ramani inapoishia na bahari tupu inapoanzia. Chukua penseli, uweke alama ndogo kila anapotia nanga. Kufikia sura ya nane utaona mistari yako inaelekea upande ambao hakuna tena kisiwa, na hofu itakayokujia hapo haitokani na maneno peke yake.

Soma sura ya kwanza kwa sauti

Le Guin alikuwa binti wa Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia, na mama yake, Theodora Kroeber, naye alikuwa mwandishi. Katika nyumba ile masimulizi ya wenyeji wa asili wa Marekani yalikuwa mazungumzo ya kawaida, na masikio ya mwandishi yalijengeka humo. Ndiyo maana msimulizi wa riwaya hii haongei kama rafiki anayekunong'oneza siri za moyo wa shujaa. Anaongea kama mzee anayejua mwisho wa kisa tangu mwanzo, na katika ukurasa wa kwanza kabisa anakwambia kwamba mtoto huyu atakuja kuwa mjuzi mkubwa ambaye nyimbo zinaimbwa juu yake, na kwamba yeye atasimulia ya kabla ya nyimbo. Basi usisome ukisubiri kujua kama Ged ataokoka. Umekwisha kuambiwa.

Keti mahali ambapo hutasumbuliwa, usome kwa sauti, hata kama ni sauti ya chini. Sentensi nyingi ni ndefu kiasi cha pumzi moja, zinapanda na kushuka, na jicho likizipitia bila ulimi huonekana kavu. Ikiwa Kiingereza kinakupa taabu, usikimbilie kamusi kwa kila neno. Majina mengi ya mimea, mashua na hali ya hewa hujieleza yenyewe kutokana na yanayoyazunguka. Sura moja kwa usiku inatosha. Mbele ya sura ya kwanza utakuta kipande kifupi kutoka katika wimbo wa kuumbwa kwa visiwa. Wasomaji wengi hukiruka. Kisome mara moja tu, usijisumbue kukielewa, kisha endelea.

Fuatilia majina

Raha kubwa ya kitabu iko hapa, na mzungumzaji wa Kiswahili anaingia akiwa tayari na nusu ya ufunguo, maana kwetu pia si ajabu mtu kuwa na jina la kitabuni na jina la nyumbani ambalo mgeni hatalisikia. Huko Earthsea kila mtu ana jina la kuitwa na jina la kweli. La kuitwa ni la sokoni, mara nyingi ni la ndege, mmea au jiwe: Ged huitwa Sparrowhawk, yaani kipanga, rafiki yake Vetch ana jina la mmea wa mwituni, mpinzani wake Jasper ana jina la jiwe la thamani, na mwandishi hakulichagua kwa bahati. La kweli hutolewa mara moja, mtoto anapovuka kuingia utu uzima, nalo hufichwa, kwa sababu anayelijua jina la kweli la kitu ana mamlaka juu yake. Sihiri yote ya visiwa hivyo imesimama juu ya nguzo hiyo: kujua kila kitu kinaitwaje katika Lugha ya Kale, lugha ambayo majoka huizungumza kama lugha ya mama.

Andaa kijidaftari, uandike kila jina la kweli linapotajwa, pamoja na aliyelitaja na aliyetajiwa. Hutajaza hata ukurasa mmoja, lakini orodha hiyo fupi itakuonyesha jambo ambalo usomaji wa haraka hulificha: kwamba matukio mazito ya riwaya hii si mapigano, ni watu kukabidhiana majina. Yuko mtu mmoja anayempa Ged jina lake la kweli wakati Ged amevunjika, hana heshima, na hakuna sababu yoyote ya kumwamini. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza niliipita kama salamu. Mara ya pili nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda.

Katika daftari hilo hilo weka alama kwenye mlango wa shule ya Roke. Ged anafika pale akiwa na barua na majivuno, anajaribu kupita, na kizingiti kinamkataa hadi akubali kufanya jambo moja dogo. Miaka kadhaa baadaye, siku ya kuondoka, mlinzi wa mlango ule ule anampa mtihani wa mwisho, na jibu lake ni jepesi mno hivi kwamba mwenye kiburi hawezi kuliona. Silitaji hapa.

Usimsamehe Ged haraka

Ged ni mtoto wa mfua shaba, aliyefiwa na mama kabla hajatimiza mwaka, aliyelelewa bila upole kama mbuzi wa mlimani. Maneno ya kwanza ya sihiri anayapata kwa dada wa marehemu mama yake, wa kijijini, ambaye anayatumia kuita mbuzi, na siku anapoyaiga mbuzi wanamjia wote na kumbana kwa pembe zao mpaka anapiga mayowe. Tukio hilo ni la kuchekesha, lakini lina kitabu kizima ndani yake: ameita kitu asichojua kukiachia.

Baadaye anachukuliwa na Ogion, mjuzi mtulivu wa Re Albi. Hapo ndipo vijana wengi hupoteza subira, kwa sababu Ged mwenyewe anaipoteza. Wanatembea siku nyingi na mwalimu hafundishi chochote. Mvua inanyesha, na Ogion, ambaye kwa neno moja angeweza kuliondoa wingu, anatafuta mti wenye majani mazito na kulala chini yake, huku mwanafunzi wake akijikunyata vichakani, nguo zimelowa, akijiuliza kwa hasira uwezo una faida gani ikiwa mwenyewe hautumii kujikinga na mvua. Wakati mwingine Ged anauliza matumizi ya mmea mdogo waliouona njiani, na mzee anamjibu kwamba yeye hajui kama una matumizi yoyote. Usikimbie kurasa hizi. Zisome kama Ged, ukubali kukereka, kisha uzikumbuke atakapokuwa peke yake baharini.

Huko Roke mambo yanakwenda kasi zaidi, na ndiko kosa kubwa linakotendeka. Kabla ya kulifikia, simama kwenye somo la kokoto. Mwalimu wa viinimacho anaiokota kokoto, anatamka neno, na kiganjani mwake inang'aa kama almasi. Kisha anaeleza kwamba hiyo ni sura tu, na kokoto bado ni kokoto. Ged anataka kujua namna ya kuifanya almasi kweli. Jibu analopewa ni kwamba ili kokoto iwe almasi sharti ibadilishwe jina lake la kweli, na kubadili jina la kitu, hata kiwe kidogo kama punje, ni kubadili ulimwengu. Inawezekana, lakini si kabla mtu hajajua mema na mabaya yatakayofuata. Mwalimu mwingine anafundisha kwamba mvua iliyoitwa hapa inaweza kuwa ukame kisiwani kwingine. Ged anayasikia yote, anayakariri, na hayamwingii hata kidogo. Ukisoma kwa makini utaona kwamba kila anapopotoka kuna mtu aliyemchokoza: kwanza msichana aliyemkuta katika nyasi za Re Albi, ambaye nakuomba umkumbuke, kisha Jasper mwenye adabu za kikasri na dharau iliyofunikwa kwa tabasamu. Na tangu sura ya pili kuna kitu kimejikunyata karibu na mlango. Kipigie mstari.

Katika sura ya nne, usiku wa sherehe ya katikati ya kiangazi, Ged anapanda kilima cha Roke kumwonyesha Jasper kwamba anaweza kuita roho ya mfu. Anafaulu. Giza linachanika, na kutoka katika mpasuko huo kinaruka kitu kama donge la kivuli kikamrukia usoni. Gharama ya usiku ule nakuachia uisome mwenyewe, ila usiku huo usiendelee na sura ya tano. Funga kitabu. Riwaya inahitaji pengo hapo, kwa sababu Ged naye analazwa wiki kadhaa bila kuona wala kusema, na anapotoka chumba cha wagonjwa ana makovu usoni, ulimi wake umekuwa mzito, na wale aliowapita wamekwisha kumwacha nyuma. Kijana hodari wa darasa anakaa sasa na wadogo zake. Mtu aliyewahi kurudia darasa atazijua kurasa hizi vizuri kuliko msomaji yeyote mwenye shahada ya fasihi, na kwa maoni yangu ndizo bora kuliko hata zile za majoka.

Kuhusu majoka nitasema machache. Yapo, yanapigwa, na mapambano yanakwisha upesi. Lililo kubwa katika Pendor ni mazungumzo ya Ged na joka mzee mwenye hila, ambamo kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake analihitaji. Yasome polepole kama unavyosikiliza watu wawili wakipatana bei, ukiangalia nani anatoa nini.

Iache bahari ifanye kazi yake

Kuanzia sura ya nane hadithi ni ya mtu, mashua na maji. Msomaji wa bara anaweza kuziona kurasa hizo ni nyingi, lakini mtu wa mwambao atajikuta nyumbani. Ged anapata mashua kuukuu kutoka kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, na kabla ya kuondoka anamtibu macho. Mzee anamsihi aipe mashua jina jipya, Lookfar, na aichoree macho kwenye omo, ili shukrani zake zimwangalizie miamba. Aliyeona picha za mtepe, chombo cha kale cha Lamu kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, anayajua macho hayo. Majahazi ya Lamu bado yanayo, yamechongwa na kupakwa rangi pande mbili za omo. Sidai kwamba Le Guin aliyatoa kwetu, maana mabaharia wa pande nyingi za dunia wamevipa vyombo vyao macho, lakini nilipofika hapo nilihisi kama nimepigiwa hodi kwa lugha yangu. Angalia pia ni lini Ged anatumia upepo wa kawaida na ni lini anaita upepo wa sihiri katika tanga, kwa sababu wa pili unamchosha, na uchovu wake utakwambia hali ya moyo wake kabla msimulizi hajasema. Waswahili husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na msemo huo niliuandika kando ya ukurasa mmoja wa sura ya kumi. Hutanilaumu ukifika.

Mambo mawili ya kujua mapema

Ged ana ngozi nyekundu ya kahawia, Vetch ni mweusi sana, na weupe katika kitabu hiki ni Wakargi, wavamizi wa kutoka mashariki. Mwandishi analitaja hilo bila kelele, ndiyo maana wachora majalada kwa miaka mingi walimpa Ged uso wa Kizungu, na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2004 ikafanya vivyo hivyo, jambo ambalo Le Guin alilipinga hadharani kwa maandishi. Ukikuta nakala yenye jalada la namna hiyo, ligeuze chini ukiwa unasoma. Na tamthilia yenyewe iache kabisa, angalau mpaka umalize. Filamu ya katuni ya Kijapani ya mwaka 2006 inachukua mambo kutoka vitabu kadhaa vya mfululizo huu, na haitakusaidia kuielewa riwaya hii.

La pili ni kasoro. Katika riwaya hii wanawake hawaingii shule ya Roke, na sihiri yao inasemwa vibaya, kama ya ovyo au ya hatari. Msomaji wa leo ataudhika, na ana haki. Le Guin mwenyewe hakuliacha jambo hilo lipite: The Tombs of Atuan ya mwaka 1971 inasimuliwa kupitia macho ya msichana, The Farthest Shore ilifuata mwaka 1972, na mwaka 1990, baada ya kimya kirefu, akatoa Tehanu, ambayo inarudi Gont na kuuliza maswali ambayo kitabu cha kwanza hakikuyauliza. Mwaka 2001 vikatoka viwili vya mwisho, Tales from Earthsea na The Other Wind. Ukivipenda, vifuate kwa mpangilio huo huo wa kutoka kwake, usirukie cha mwisho.

Ikiwa una mwenzako wa kusoma naye, kubalianeni kusimama pamoja mwishoni mwa kila sura, na aliyetangulia asitaje jina lolote la kweli. Mimi niliharibiwa mwisho na mtu wa barazani aliyedhani nimekwisha kumaliza, akalitaja neno moja tu, na neno hilo moja lilikuwa kitabu chote. Ukifika ukurasa wa mwisho usikirudishe kitabu rafuni. Geuza nyuma hadi mbele kabisa, kabla ya sura ya kwanza, kwenye kile kipande cha wimbo wa kuumbwa kwa visiwa ulichokisoma bila kukielewa, ukisome tena kwa sauti, polepole.